Seramu Yenye Nguvu

Mwanahija, msusi aliyemsuka Bi Zulekha, muuza vipodozi, kila Ijumaa humo humo dukani kwake, alinunua kwake seramu ya vitamini C ya kupaka usoni. Kufika nyumbani akaidondosha kiganjani: rangi ya chai iliyolala! Chupa ilikuwa imekaa juani dirishani mwa duka mpaka ikaharibika. Akarudi nayo mbio.

"Nibadilishie, dada. Hii imeoza."

"Mali ikishatoka hairudi," alisema Bi Zulekha, uso ukimng'aa kama sahani mpya. Wateja watano walikuwa wakisikiliza. "Halafu huo weusi ndio nguvu yenyewe, mdogo wangu. Ile nyeupe ya majimaji ni dhaifu, haisaidii kitu."

"Kumbe! Na wewe unapaka hii hii?"

"Kila asubuhi, kabla ya losheni ya jua. Uso wangu huuoni?"

"Nauona, mashallah. Basi nisamehe, dada, kelele zangu zote ni ushamba. Kitu kikali hivi hakinifai mimi, kinakufaa wewe."

Akaiweka chupa juu ya kaunta, akaenda kwenye friji ya soda, akapenyeza mkono nyuma ya chupa za tangawizi, pale pale alipozoea kumwona Bi Zulekha akipenyeza wake kutoa ya kujipaka mwenyewe. Akatoa kichupa kilichobaki nusu, seramu yake nyeupe kama maji ya kisima.

"Mimi nitavumilia na hii dhaifu yako."

Bi Zulekha alinyoosha mkono kukipokonya, akawatazama wateja watano, akaushusha.

"Ila kabla sijaondoka," Mwanahija alisema mlangoni, "hebu jipake hiyo yenye nguvu, wenzangu waone."

Bi Zulekha akajipaka, mashavu yote mawili.