Stoo ya Bandia

Anayewamba ngoma hukaa upande mmoja, na ngozi huivuta kuelekea alipo. Ndivyo binadamu tulivyo: mpe mtu kazi aifanye, kisha mwambie aikague mwenyewe, uone kama atajipata na kosa.

Katika ofisi moja alikuwapo mwandishi wa programu aliyebandikwa jina la Kijani, kwa kuwa majaribio ya programu zake hayakuwahi kuonyesha rangi nyingine ila kijani, rangi ya kufaulu. Alikuwa ameandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Ruby, huduma ya hospitali: muuguzi aulize dawa akiwa wodini, programu iiulize kompyuta ya stoo ya dawa iliyo mbali, jibu lirudi. Mkaguzi wa kazi hiyo alikuwa mke wa kaka yake, na subira ilikuwa imemwishia.

"Shemeji, umejaribu na stoo yenyewe?"

"Ya nini? Nimeunda stoo ya bandia, programu ndogo inayojibu kama stoo. Majaribio mia mbili, yote kijani."

"Na majibu ya hiyo stoo kayaandika nani?"

"Mimi. Nani tena?"

"Yaani unajiuliza mwenyewe, unajijibu mwenyewe, halafu unajipigia makofi."

Alimsihi wiki nzima. Ikawa kumpigia mbuzi gitaa. Mkuu wa ofisi naye, mtu wa haraka zisizokwisha, akaamuru kazi ikabidhiwe hivyo hivyo.

Asubuhi ya makabidhiano, wodini aliletwa mkulima aliyeumwa na nyoka mguuni. Muuguzi mkuu alitaka kujua jambo moja tu: dawa ya sumu ipo, au aiagize hospitali ya jirani? Kijani, aliyekuwa pale kuikabidhi programu, akabonyeza kwa madaha. Skrini ikaandika "Ipo". Mhudumu akatumwa stoo mbio, watu wa stoo wakamtafutia rafu kwa rafu, na baada ya dakika arobaini akarudi mikono mitupu.

Kumbe stoo ya kweli, ikikosa dawa, haisemi "hakuna" kama ile ya bandia. Hurudisha jibu tupu. Programu ya Kijani nayo ilihesabu kila jibu lisilokuwa "hakuna" kuwa dawa ipo.

"Lakini majaribio yangu yote yalikuwa..."

"Mwanangu," muuguzi mkuu alimkata kauli, simu ya hospitali ya jirani ikiwa sikioni, "mgonjwa wangu hatibiwi kwa rangi."

Dawa ilipofika, mkulima alinusurika, ila vidole viwili vya mguu vilikatwa. Mkaguzi hakufurahi kuwa alisema kweli. Alikuwa na hasira tu.

"Kuanzia leo, shemeji, majaribio yako nayaandika mimi."

Kijani alimkabidhi majaribio yote mia mbili. Angebisha nini, naye ameona kwa macho yake kwamba mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake?