Pimbi wa Jabali la Mwisho na Mkuu wa Mipaka

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa jabali, jabali likapata pimbi, pimbi akapata kazi. Mko macho?
— Tuko macho!
— Basi nisikilizeni vizuri, maana pimbi huyu alikosa wa kumsikiliza.

Hapo kale wanyama waliishi katika bonde lenye rutuba, Bonde la Mlulu. Mto uliingia bondeni kutoka milimani, na pale ulipoingilia ndipo palipokuwa mpaka wa nchi yao. Kando ya mto, kutoka mpakani mpaka bondeni, kulikuwa na kilima kirefu kama mgongo wa ng'ombe, na juu ya kilima majabali yalijipanga, moja likitazamana na jingine. Kila jabali lilikuwa na pimbi wake.

Pimbi mnamjua. Mnyama mdogo, mnene kidogo, mkia hana. Lakini ana macho ya mbali na sauti kali. Pimbi wa mpakani akiona jambo, alilia: "Kwiii!" Wa jabali la pili akapokea: "Kwiii!" Wa tatu akapokea: "Kwiii!" Habari ikaruka jabali kwa jabali hadi bondeni, na wanyama wakajua: leo kuna adui, au leo kuna moto, au leo kuna maji.

Kazi hiyo ilitaka chakula, kwani mlinzi hali mawe. Kwa hiyo kila baada ya mavuno kila nyumba ilitoa mtama, ukawekwa katika ghala kubwa begani mwa kilima, mahali ambapo maji hayafiki. Huo ulikuwa mtama wa walinzi wa mpaka, na akiba ya siku ya maafa. Aliyekabidhiwa ghala alikuwa Bwana Kiboko, Mkuu wa Mipaka na Maafa. Kwa nini Kiboko? Kwa sababu alikuwa mkubwa, na wanyama walidhani mkubwa hushiba.

Kila msimu Bwana Kiboko alisimama kiwanjani akanguruma: "Adui yuko mpakani! Maafa yako njiani! Toeni!"

Wanyama wakatoa. Kiboko akapokea. Na Kiboko akipokea, hupokelea mdomoni.

Msimu uliofuata: "Adui yuko mpakani! Maafa yako njiani! Toeni!"

Wakatoa. Akapokea. Kafu, kafu, kafu.

Kule juu ya majabali, chakula kikaanza kuchelewa. Halafu kikapungua. Halafu kikakoma. Pimbi wakatuma ujumbe, wakajibiwa, "Bajeti haijatoka. Vumilieni kwa ajili ya nchi." Wakavumilia. Wakatuma tena. "Bajeti iko njiani." Ikawa njiani mpaka pimbi mmoja akashuka, akaenda zake kwa wajomba. Akashuka mwingine. Majabali yakabaki matupu moja baada ya jingine, kama mdomo wa kizee unavyopoteza meno.

Wakabaki wawili tu, walio karibu na mpaka: Siwema wa Jabali la Mwisho, na shoga yake Kijoli wa jabali la pili. Hao waliongea mchana kutwa kwa kupigiana kelele. "Kijoli wee, umekula?" "Nimekula umande! Na wewe?" "Nimekula harufu ya umande!" Wakacheka. Njaa ya wawili ina kicheko ndani yake.

Asubuhi moja Siwema akaita, "Kijoli wee, umekula?"

Kimya.

"Kijoli wee!"

Upepo tu.

Akakimbia hadi jabali la pili. Akakuta mahali pa kulala pamefagiliwa vizuri, na Kijoli hayupo. Hakuaga, na Siwema alijua ni kwa nini. Kama angeaga, wangelia, na kama wangelia, asingeondoka. Siwema akakaa pale kidogo, akaugusa ule mchanga uliofagiliwa, akarudi mpakani.

Mko macho?
— Tuko macho!

Naye alikuwa macho. Alikaa juu ya jabali lake, akilinda. Adui hakumwona hata mmoja. Ng'ambo ya mpaka aliwaona swala wengine wakila majani yao, hawana habari na mtu. Siku nyingine aliwapungia mkono, wakakimbia.

Kitu pekee kilichomsemesha kilikuwa mwanya. Jabali la Mwisho lilikuwa na mwanya uliopenya tumboni mwake, upande wa mpakani mpana, upande wa bondeni mwembamba, kama pembe ya kupulizwa. Upepo ukiingia, mwanya unalia: "Vuuuu." Siwema anaitika: "Naam." Mwanya unalia: "Vuuuu." Siwema anaitika: "Naam, nipo." Mtu akikosa wa kumwita, huitikia hata jiwe.

Kwa nini hakuondoka? Wengine wanasema ni ujinga. Mwenyewe alijiambia hivi: "Nikiondoka mimi, maji yakija nani atayaona?" Basi akabaki.

Na maji yakaja.

Asubuhi hiyo milima ilikuwa imevaa wingu jeusi tii. Siwema akaangalia mto, akaona umegeuka mwekundu. Ukapita mti mzima na mizizi yake. Ukapita wa pili. Siafu walikuwa wanapanda jabali, wamebeba mayai yao. Siwema akasimama kwa miguu ya nyuma, akalia kwa nguvu zake zote: "Kwiii! Kwiii! Kwiii!"

Jabali la pili tupu. La tatu tupu. Sauti ikaenda ikafia hewani. Kule chini, mbali, moshi wa jikoni ulipanda taratibu kutoka nyumba za wanyama, na watoto walikuwa wanaoga mtoni. Kukimbia? Miguu ya pimbi ni mifupi, maji yangefika mbele yake. Akalia tena mpaka koo likapasuka, na bonde likaendelea kupika uji.

Hapo akasikia nyuma yake: puu, puu, puu, pff. Bwana Kiboko huyo anapanda, jasho linamtoka.

"Shikamoo, Bwana Mkuu!" Siwema hakuwahi kufurahi hivyo kumwona mtu. "Umekuja wakati wake! Maji yanakuja. Tazama mto. Wewe una sauti, uwaambie wapande kilimani!"

"Marahaba," alisema Kiboko, akiketi. "Mimi nimekuja kwa ukaguzi. Msimu wa kutoa umekaribia, nataka ripoti ya adui. Umemwona?"

"Adui hayupo, Bwana. Maji ndiyo yaliyopo! Watakufa!"

Kiboko akautazama mto, akatikisa kichwa kama anayeonja mchuzi. "Mafuriko mazuri haya. Yakishapita, watakaobaki watatoa bila kuulizwa. Unajua mtu aliyefiwa anavyotoa?"

Baridi ikampita Siwema toka puani hadi mahali ambapo mkia ungekuwepo. Kwa miaka yote ile ya upweke alidhani wamemsahau. Kumbe aliyemkumbuka ndiye huyu.

Alikuwa na tikiti dogo la mwituni, chakula chake cha pekee, alichokitunza siku nyingi bila kukigusa. Akaliangalia tikiti. Akaliangalia tumbo la Kiboko. Akaangalia mwanya.

"Bwana Mkuu umenena," alisema kwa sauti ya unyenyekevu. "Mimi mdogo, sikufikiri. Lakini kabla hujashuka, haya matikiti ya jirani niyafanyeje?"

"Matikiti gani?" Masikio ya Kiboko yakasimama.

"Si haya wanayoniletea jirani wa ng'ambo, ili nifumbe jicho moja? Nimekula nimechoka. Yaliyozidi nayatupa humu." Akalisukuma lile tikiti lake ndani ya mwanya.

Gulu, gulu, gulu, gulu... pwaa!

Harufu tamu ikapanda. Machozi yakamlenga Siwema, na si ya uongo, maana njaa yake ilikuwa inabingirika na lile tikiti.

"Rushwa!" Kiboko akanguruma. "Mpakani kwangu! Hii lazima niikamate yote mimi mwenyewe."

"Kichwa chako hakitaenea, Bwana."

"Kichwa changu kimeenea mahali pembamba kuliko hapa!"

Akaingiza kichwa. Akaingiza shingo. Akaingiza mabega, akasukuma kwa miguu ya nyuma, hhh, hhh, mpaka kifua kikaingia. Akataka kusonga mbele, hakusonga. Akataka kurudi nyuma, hakurudi. Nje kulibaki makalio, miguu miwili na kimkia.

"Nimekwama!" alipiga kelele. Lakini maneno hayakutoka maneno. Mwanya uliyapokea, ukayapuliza upande wa bondeni: "BUUUUUU!"

Kilima kikatetemeka. Kule chini moshi ukaachwa, wanyama wakatoka milangoni, wadogo kama mbegu za ufuta, wakainua nyuso.

Kiboko akanyamaza kuvuta pumzi. Wanyama wakaanza kurudi ndani.

"La, msirudi!" Siwema akageuka, akautazama ule mkia, akang'ata. Kacha!

"BUUUUUU!"

Wanyama wakasimama. Wakatoka. Kiboko akanyamaza. Wakasita.

Kacha!

"BUUUUUU!"

Kacha!

"BUUUUUUUU!"

Sasa wakaanza kupanda. Swala na watoto wao, kobe mgongoni mwa punda, kanga na vifaranga, wote wakikwea kilima kuelekea ile sauti, waone kuna nini. Siwema aling'ata mpaka taya zikamuuma. Wa mwisho, bibi nungunungu, alikuwa ndiyo kwanza ameweka mguu kilimani maji yalipofika.

Ghururururu!

Mto ulipita ukiwa mpana kama bahari. Nyumba zikaelea, zikagongana, zikaenda. Kelele ilipotulia kulikuwa na ziwa jekundu mahali palipokuwa bonde, na kilimani wanyama walikuwa wanaitana majina. Kila jina likaitikiwa. Siwema alisikiliza yale majina yote kutoka juu ya jabali lake. Lake halikuitwa, kwani hakuna aliyejua kwamba yupo.

Mko macho?
— Tuko macho!

Jioni wakafika kwenye Jabali la Mwisho, wamelowa, wana njaa. Wakaona makalio ya Mkuu wao yametoka jabalini.

"Amefanya nini?" aliuliza Bi Kanga.

"Mmmmh! Mmmmh!" alisema Kiboko, ambaye sauti sasa ilikuwa imemwishia.

Siwema akakaa karibu na mwanya, akatega sikio kama mkalimani; wote waliyakodolea macho yale makalio, mkalimani hakuna aliyemtazama. "Bwana Mkuu anasema aliona maji yanataka kupita humu, akauziba ufa kwa mwili wake, huku akiwaita."

"Loo!" Wanyama wakapiga makofi. "Mkuu wetu!"

"Mmmmh!"

"Anasema mna njaa. Ghala lifunguliwe sasa hivi."

Ngiri, mshika ufunguo, akakunja uso. "Nani? Bwana Kiboko amesema tule?"

"Muulize mwenyewe."

"Bwana, nifungue?"

"MMMMH! MMMMH!" Kiboko akarusha miguu.

"Anasema ukichelewa atakupiga teke," alisema Siwema.

Ngiri akatimua mbio. Ghala likafunguliwa. Mtama ulikuwa umeliwa zaidi ya nusu, na waliouona wakanung'unika kuhusu panya. Lakini uliobaki ulitosha. Watoto wakala kwanza, kisha wazee, kisha wote.

"Mmmh," alisema Kiboko kwa unyonge.

"Anasema majabali yote yarudishiwe pimbi wake," Siwema alitafsiri. "Na chakula chao kiwafikie kabla ya chake. Anasema mtafuteni hasa mmoja anaitwa Kijoli."

Kiboko alikaa mle ndani bila kula mpaka tumbo likapungua. Siku hiyo wanyama walimvuta, haya, haya, haya, pwachu! Akatoka, mwembamba, amejaa vumbi. Kabla hajafungua mdomo, makofi yakampokea. Wakamwimbia. Wakamwita Mwenye Kufunga kwa Ajili ya Nchi. Akamtazama Siwema. Siwema akamtazama. Kiboko angesema nini? Angesema hakuwaita? Angesema alikuwa anatafuta matikiti?

"Ndiyo," alisema Bwana Kiboko. "Ndivyo nilivyosema."

Pimbi wakaletwa majabalini, vijana wenye manyoya yanayong'aa, wakapewa mtama. Siwema akakimbilia jabali la pili. "Kijoli wee!"

Pimbi mgeni akachungulia. "Mimi siye Kijoli. Yule alihama zamani, ng'ambo ya milima. Walimfuata, akasema ameshazoea huko." Akaongeza kwa adabu, "Na wewe ni nani, mama?"

"Jirani yako," alisema Siwema.

Bonde lilipokauka ikafanywa sherehe. Siwema akaomba ruhusa, akashuka, mara yake ya kwanza baada ya miaka. Alitaka tu kukaa katikati ya watu. Kiboko alivishwa shada, msimu mpya wa kutoa ukatangazwa, na wanyama wakatoa mara mbili. Siwema alisimama nyuma kabisa, kando ya Bi Kanga aliyekuwa anasimulia kila kitu tangu mwanzo, na kukosea.

Bi Kanga akamgeukia. "Na wewe, bibie, sura yako ngeni. Wakati wa mafuriko ulikuwa wapi?"

"Mpakani," alisema Siwema.

"Masikini!" Bi Kanga akamshika bega kwa huruma. "Umekosa mambo makubwa."

Siwema akacheka, kidogo kidogo, kisha akashindwa kujizuia. Alikula sahani yake ya wali, akashukuru, akapanda kilimani kabla ngoma haijaanza, kwa sababu zamu yake ilikuwa imekaribia.

Hapo ngano yangu imekaa kitako. Mwenye kiu anywe, mwenye ghala akachungulie.

Na mafunzo yake, watoto wangu, ni haya: mtiini mkubwa wenu, toeni michango yenu bila maswali, kwani siku ya maafa mkubwa ndiye atakayeuingiza mwili wake hatarini kwa ajili yenu. Msiulize alikuwa anatafuta nini mle ndani.