Chui Aliyevuka Penye Peupe

— Nianze, nisianze?
— Anza!
— Na ikiwa na uongo?
— Uongo ndio chumvi yake!
— Na mwenye usingizi?
— Akalale, atuachie nafasi!

Haya. Na wewe unayetafuna karanga huko nyuma, tafuna taratibu. Leo kuna mtu anataka kuliwa, na sitaki kusikia mifupa ikivunjika kabla ya wakati wake.

Hapo kale palikuwa na Kinyonga, mchoraji wa vitabu vya katuni. Alivichora mwenyewe kwenye majani makavu ya mgomba, akavishona mwenyewe kwa kamba, akavipeleka mwenyewe kwa wasomaji kwa ule mwendo wake mnaoujua. Kwanza alikuwa amempelekea Tembo, mchapaji mkubwa wa msitu mzima. Tembo alitazama ukurasa mmoja tu, akacheka mpaka masikio yakapiga makofi.

"Shujaa konokono? Nani atamsoma? Niletee simba!"

Kinyonga akachukua kitabu chake, akarudi kwake, akaendelea kuchora.

Shujaa wake aliitwa Konokono Kimondo. Alivaa joho jekundu, na nguvu alikuwa nazo za kutisha, ila alichelewa. Kisanduku cha kwanza cha picha: Konokono anasikia yowe, anafunga joho. Kisanduku cha pili: amefika, na wezi wameota mvi, wanamwomba msamaha. Basi! Wanyama walicheka mpaka wakashika mbavu.

Sasa shikeni desturi yao ya kusoma, maana kuna asiyeijua, na ilimgharimu. Nakala zilikuwa chache, kwa hiyo walisoma pamoja. Msomaji alikuwa Kindi, mdogo kuliko wote, mwenye macho makali na mdomo mkali zaidi. Alipofika kwenye ile nafasi tupu, pale peupe kati ya kisanduku na kisanduku, aliigonga kwa ukucha, ko ko ko, akauliza:

"Na hapa katikati?"

Kila mmoja akajibu lake. "Alipumzika chini ya uyoga!" "Alipotea njia!" "Alioa, akaachika!" Hivyo ndivyo vitabu vile vilivyosomwa. Mchoraji anachora nusu, wasomaji wanamalizia.

Chui akasikia vicheko, akavitaka vitabu. Si kuvisoma, jamani. Kuwa navyo! Akapita nyumba kwa nyumba. "Leta!" Nguruuu! "Na wewe, leta!" Nguruuu! Akavibeba vyote hadi pangoni kwake, ukingoni mwa korongo, akavipanga, akavilalia. Alizitazama picha peke yake, na wala hakucheka.

Halafu akawaza jambo baya. "Vitabu vyangu vina thamani kwa kuwa ni vichache. Kinyonga akizidi kuchora, vitakuwa vingi. Lakini Kinyonga akiliwa, vitakuwa vichache milele."

Akaenda, akamkamata, akamweka pangoni. "Chora kitabu cha mwisho. Safari hii shujaa ni mimi. Ukimaliza, nakula."

Habari ikaenea. Kila aliyeisikia alisema "maskini," kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Kindi naye aliogopa, nisiwadanganye. Lakini Kinyonga alikuwa kama mjomba wake, na vitabu vile ndivyo vilivyomfanya yeye, kiumbe wa kiganjani, asikilizwe hata na nyati. Akaenda.

"Hodi!"

"Karibu, kitafunio," akasema Chui.

"Bwana mkubwa, nimekuja kukusomea. Wanasema una vitabu vyote, lakini huvielewi. Mimi nimewakatalia."

Chui akamvuta kwa ukucha mmoja, akamweka katikati ya miguu yake ya mbele. Pumzi yake ilinuka nyama ya jana. "Soma. Ukikosea, nameza."

Kindi akafungua kitabu. Kwenye kona Kinyonga alikuwa ameinamia jani lake, jicho moja kwenye mchoro, jicho moja kwa Kindi.

"Kisanduku cha kwanza, Konokono yuko kwake. Kisanduku cha pili, amefika."

"Amefikaje?" akauliza Chui.

Kindi akamtazama Chui. Akaelewa. Bwana huyu mwenye vitabu vyote hajawahi kusoma na mtu. Hajui! Akanyoosha ukucha wake mdogo, akagonga penye peupe, ko ko ko.

"Amepita hapa, bwana."

"Hapo pana nini?"

"Hapana kitu. Ndiyo siri ya mashujaa. Shujaa hatembei, haogelei, hachoki. Anapita penye peupe, anatokea ng'ambo. Tafuta picha moja tu ya Konokono akiwa njiani."

Chui akafunua kurasa, fwa! fwa! fwa! Akafunua kitabu hiki, akafunua kile. Konokono yuko kwake, Konokono amefika. Njiani hayupo popote.

Chui akainua macho, akatazama ng'ambo ya korongo. Kule kulikuwa na swala wanono ambao hakuwahi kuwafikia, maana korongo lilikuwa pana na mto ulinguruma chini kabisa. Mate yakamdondoka, to, to, to.

"Kinyonga! Nichore huku. Kisha nichore kule."

Kinyonga akachora. Kisanduku cha kwanza: Chui ukingoni. Kisanduku cha pili: Chui ng'ambo, swala mdomoni. Katikati akaacha peupe.

Chui akaitazama picha, akamtazama Kindi, akaitazama tena picha.

"Tangulia wewe," akamwambia Kindi.

Kindi akaonyesha picha. "Nimechorwa wapi, bwana? Asiyechorwa havuki."

Chui akatazama. Kweli, Kindi hayumo. "Basi nitambeba Kinyonga mgongoni. Tukianguka, tuanguke sote."

"Na yeye amechorwa mgongoni mwako? Utaichana picha katikati, bwana!"

Chui akatazama. Kweli, mgongoni hapana mtu. Akatabasamu, na tabasamu la Chui ni meno matupu. "Vema. Basi nimle kwanza, ndipo nivuke."

Akamshika Kinyonga mkia. Kinyonga akageuka kijani, akageuka njano, akageuka kahawia, kisha rangi zikamwishia, akabaki mweupe. Chui akafungua kinywa.

"Madoa!" Kindi akapiga ukelele.

"Madoa gani?"

"Yako! Kisanduku cha pili hakijatiwa madoa! Ukimla sasa, utatokea ng'ambo huna doa hata moja. Swala watakuita mbwa!"

Kinywa kikajifunga. Chui alijipenda kwa madoa yake kuliko mama anavyompenda mwanawe. Akaachia mkia. "Tia madoa! Upesi!"

Kinyonga na upesi, wapi na wapi? Akachovya wino. Tu! Doa. Akapumua. Tu! Doa. Chui anazunguka, Kindi amejibana ukutani.

"Upesi! Upesi!"

"Usimkemee, bwana, atakuchora doa la puani," akasema Kindi. "Ila ukae tayari. Shujaa huvuka wino ungali mbichi. Ukikauka, peupe pamejifunga."

"Na Kinyonga?"

"Utamla ukirudi. Kwa mwendo wake huo, atakimbilia wapi?"

Chui akacheka kwa mara ya kwanza. "Hilo umesema kweli."

Tu! Tu! Doa la mwisho.

"Sasa, bwana! Wino mbichi!"

Chui akachomoka. Pu-pu-pu-pu-pu! Ukingo huo! Akajirusha, vuuup!

Akawa hewani. Kisanduku cha kwanza kimekwisha, kisanduku cha pili hakijafika. Akatapatapa kulia, akatapatapa kushoto, akatafuta mahali pa kushika, na peupe hapana pa kushika. Kindi akaja ukingoni, akagonga jiwe kwa ukucha, ko ko ko, akauliza kwa sauti ileile ya kusomea:

"Na hapa katikati, bwana mkubwa?"

Chubwi!

Mto ukamchukua, na mto ule haujamrudisha mtu hata leo. Kindi akakaa chini, ndipo akalia, maana muda wote ule alikuwa hana nafasi ya kulia. Kinyonga akamfuata, hatua moja, hatua ya pili, akaweka mkono juu ya mkia wake.

"Mwanangu," akasema, "nilidhani nimekufa."

"Hata mimi nilidhani hivyo, mjomba. Beba vitabu twende."

Wakavirudisha nyumba kwa nyumba. Wale waliofunga milango wakaifungua, wakasema, "Tulikuwa pamoja nawe, tulikuwa tunakuombea!" Kindi akawapa vitabu vyao, na maneno yaliyobaki akayameza.

Mnataka funzo? Naona mnanitazama. Funzo ni hili: wanangu, msisome vitabu vya katuni. Vinaharibu akili, mmeona vilivyomfanya Chui wa watu. Someni vitabu vinene vya wachapaji wakubwa, visivyo na picha hata moja. Chui angesoma hivyo, angesinzia ukurasa wa kwanza, na angekuwa hai mpaka leo, akiwala majirani zenu mmoja mmoja kwa adabu.

Hadithi yangu nimeitua. Iliyo tamu bebeni, iliyo chungu niachieni nilalie. Haya, mlango ule pale.