Otmari na Karo la Kahawa

Ulenda hausomi saa. Mmecheka mama yenu alipomjibu hivyo baba yenu anayemharakisha, sasa mwataka kujua neno hili limetoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi, hukuhuku Umatengo kwenye milima ya baridi, enzi ambazo mtu mwenye saa ya mkononi ulimfuata mpaka njiapanda umwangalie tu.

Palikuwa na kijana, Otmari Ndunguru. Ametoka kufanya kazi mashamba makubwa ya kahawa kule chini kwenye joto, karudi na saa inang'aa mkononi, na moyoni ana jina moja tu: Eufrasia. Posa kapeleka. Bibi yake Eufrasia, Bibi Kolumba, ambaye maneno hakuwa akiyapaka mafuta, akamwambia, "Mkwe huonekana kazini. Kahawa yetu tumeshaimenya, iko karoni. Iangalie wewe mpaka ipande kichanjani kuanikwa. Ikinuka, posa yako utaibeba mwenyewe urudi nayo kwenu."

Otmari akachekelea moyoni. Kahawa si anaijua! Ukishamenya ganda jekundu, punje zinabaki na ulenda, zinateleza kama bamia. Unaziacha karoni zichachuke, ulenda ulegee, ndipo unaosha. Kule kwenye joto msimamizi alimfundisha: masaa kumi na nane, basi. Akakaa ukingoni mwa karo, macho kwenye saa. Mwezi wa saba huo, ukungu umelala mpaka adhuhuri, meno yanagongana. Kahawa yenyewe hata hakuigusa.

Masaa yalipotimia akakunja suruali, akafungulia maji, akaingia kukanyaga. Anakanyaga, ulenda uleule. Anaongeza maji, ulenda uleule. Mara mguu ukateleza, huyo! Kaketi ndani ya kahawa mpaka kifuani, mkono mmoja juu kama anayeapa.

Wanawake wachumaji waliokuwa hapo wakashika mbavu. "Jamani," Eufrasia akasema, "kahawa kaikalia, saa kaiokoa!"

Bibi Kolumba hakucheka. "Nani kakwambia imeiva?"

"Saa, Bibi."

"Saa yako imeingia humo ikaisikia baridi hii?" Akachota konzi moja, akamtia kiganjani. "Sugua. Inasemaje?"

"Inateleza."

"Basi bado. Ulenda hausomi saa, mjukuu wangu. Uulize kwa mkono."

"Nimeshaiharibu, Bibi?"

"Ungeianika hivyo, ungeiharibu. Mwaga maji, funika kwa majani ya mgomba, ungoje."

Akavua saa, akampa Eufrasia. Kutwa nzima akawa anasugua, anatikisa kichwa, anafunika. Kesho yake asubuhi akasugua tena: kwaru, kwaru, kama changarawe za mtoni. Akapiga ukelele. Bibi akaja, akasugua, akanusa, akasugua tena. Halafu kikongwe yule akapiga kigelegele kilichofika ng'ambo ya mto.

"Osha, mkwe wangu, osha!"

Otmari maji yanamchuruzika, furaha imempanda kichwani, akauliza, "Sasa Bibi, harusi lini? Jumamosi hii?"

Bibi Kolumba hata hajafumbua mdomo, wachumaji wote, wakubwa kwa wadogo, na Eufrasia katikati yao, wakamjibu kwa sauti moja:

"Ulenda hausomi saa!"