Bi Somoe na Chungu cha Chambo

Sogeeni, sogeeni. Mwenye sikio alilete hapa, asiye nalo aazime kwa jirani. Na wewe unayemfinya mwenzako, nimekuona.

Hapo kale, kale ya kale, mto Rufiji ulipokuwa bado haujaijua njia ya kwenda baharini, aliishi huko kwenye mikoko mwanamke aitwaye Bi Somoe. Kazi yake kutega kaa kwa madema. Alitega akiwa mwari, alitega akiwa mke, alitega akiwa mjane. Na kila kiangazi, samaki walipokuwa tele, alijaza kichungu chake chambo cha kutumia masika. Safu ya samaki, safu ya chumvi. Safu ya samaki, safu ya chumvi. Juu jiwe. Samaki wenyewe hakuwaosha wala kuwatoa matumbo, maana kaa anafuata harufu, na harufu iko matumboni.

Masika moja binti yake, Mwajabu, akajifungua mtoto wa kike. Mtoto akanyonya, akalia, akanyonya, akalia. Maziwa hayatoki. Wakunga wakasema supu ya kaa ndiyo italeta maziwa. Lakini mto ulikuwa umechafuka, wavuvi hawapati hata dagaa wa kufanyia chambo, na goti la Bi Somoe limevimba kama boga, hawezi kuingia topeni. Siku ya tatu sauti ya mtoto ikaanza kufifia. Bi Somoe aliisikia ikififia, na roho ilimuuma.

Akabaki mkwewe, Mbonde. Mkulima wa bara huyo, mpole, hajawahi kutega hata panzi. Na zamani hizo, wajukuu zangu, mtu na mama mkwe wake hawakutazamana wala kusemezana. Mama mkwe akipita, wewe unaingia kichakani, hata kama kichaka kina siafu. Basi hawa wawili walizungumza kwa kupitia paka.

Asubuhi ile Bi Somoe akakiweka kichungu kizingitini, akajificha nyuma ya mlango.

"Paka," akasema, "mwambie huyo bwana chungu kiko mlangoni, ni chake. Asikawie."

Mbonde akafunua. Akaona samaki. Naye alikuwa hajala tangu jana. Akaketi chini, akala.

Nyinyi mnacheka. Yeye hakucheka. Chumvi ilimkausha ulimi, nyongo ikamkunja uso. Lakini chakula cha mama mkwe hakisazwi. Akala, akafumba macho akala, machozi yakamtoka akala. Halafu akasema kwa adabu, "Paka, mwambie mama ahsante. Chakula kilikuwa kitamu."

Bi Somoe akashika kichwa. Akachungulia kwenye ufa wa mlango: vimebaki vichwa vitatu tu, vile vigumu ambavyo Mbonde hakuweza kuvitafuna. Ndani mtoto akalia kidogo, akanyamaza. Paka alikuwa akijilamba mkia. Habari hii haikuwa ya kumpa paka.

Bi Somoe akafungua mlango, akatoka, akasimama mbele ya mkwewe. Mbonde akajifunika uso.

"Toa mikono, mwanangu. Nitazame."

"Mama, ni mwiko."

"Naujua. Mwiko haumnyonyeshi mjukuu wangu. Ulichokula ni chambo."

Mbonde akakitazama chungu. "Chambo cha kaa?"

"Cha kaa. Kweli kilikuwa kitamu?"

"Hapana, mama. Nilidhani nakufa."

Bi Somoe akacheka mpaka goti likamuuma. Kisha akakaa naye, akamwonyesha. "Kichwa usikioshe, utaondoa harufu. Kifunge ndani ya kifuko cha ukindu, kaa wasikimalize upesi. Dema liweke kwenye mizizi ya mkoko maji yakianza kujaa, ulitoe yakipwa. Na vidole vyako viangalie."

Mbonde akaenda. Maji yakajaa, maji yakapwa. Alasiri akarudi na tope hadi kwapani, kidole kinavuja damu, na kaa watano. Mwajabu akanywa supu jioni, akanywa asubuhi. Siku ya pili maziwa yakaja. Mtoto akanyonya, akanyonya, akalala. Bi Somoe na Mbonde wakalia, mmoja upande huu wa mlango, mmoja upande ule.

Maana walirudia adabu yao, na paka wao. Ila tangu mwaka ule, aliyetia chumvi ni Mbonde. Kila kiangazi alikileta chungu kizingitini, akasema, "Paka, mwambie mama hiki si chakula." Na nyuma ya mlango kikasikika kicheko.

Hata siku ile walipomzika Bi Somoe, Mbonde, sasa mwenye mvi, alikuja akaketi pale pale. Akafunua chungu, akatoa kipande kimoja, akakitafuna polepole mpaka kikaisha.

"Paka," akasema, "mwambie mama kilikuwa kitamu."

Basi wajukuu zangu, adabu ni nzuri, ishikeni. Lakini mtoto akilia njaa, fungueni mlango mseme wenyewe.

Kisa changu nimekitia chumvi, nimekiwekea jiwe. Atakayekifunua, asikile chote.