Hukumu ya Mgonja na Kalamu ya Temu

Haya sikusimuliwa. Nilikuwapo mwanzo hadi mwisho, na anayebisha aje aniulize rangi ya mhuri wa mahakama.

Mzee Mgonja, Mpare wa milimani, alimshinda Temu, Mchaga, mahakamani. Eka tatu za marehemu baba yake Mgonja, ambazo Temu alikuwa amejiandikishia, zikaamriwa zirudi. Kilichobaki ni kwenda ofisi ya ardhi kubadilisha jina.

Mgonja hakwenda. Alimfuata Temu nyumbani kwanza, kiungwana, hukumu mkononi.

"Mtani," Temu akamwambia, "kesi umeila, na shamba pia unataka? Utavimbiwa."

Sasa Mpare na Mchaga ni watani, na anayemkasirikia mtani wake huonekana hana malezi. Mgonja akacheka, akala mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, akarudi kwake na zawadi ya mkungu wa ndizi, uliokatwa katika zilezile eka tatu alizoshinda.

Mwaka uliofuata akaenda tena. "Ngoja kwanza niizoee aibu," Temu akasema. Wakacheka. Wa tatu, vivyo hivyo. Mgonja hakuwa na wasiwasi. Karatasi ya mahakama haiozi, alijiambia, na mshindi ni mimi.

Mwaka wa kumi na tatu kifua kikambana, akataka wanawe warithi kilicho chao. Temu naye, uzee umeshamlainisha, akasema, "Basi mtani, utani umetosha. Twende nikusainie."

Wakafika ofisi ya ardhi. Karani akaisoma hukumu, akarudia tarehe.

"Mzee, ulipaswa kuiomba mahakama ikazie hukumu hii, yaani isimamie utekelezaji wake, ndani ya miaka kumi na miwili. Umepitisha. Kwa karatasi hii sibadilishi jina."

Temu, kalamu tayari mkononi, akainua kichwa. "Kwa hiyo silazimiki?"

"Hulazimiki. Ila ukitaka kumpa kwa hiari yako, saini."

Kalamu ikakaa hewani kidogo. Kisha ikarudi mfukoni mwa shati.

"Mtani, unanitania," Mgonja akasema.

"Leo sikutanii," Temu akajibu. "Twende nikununulie supu."

Funzo: Kushinda kesi ni nusu ya safari; haki usiyoifuata mapema, sheria haitakushikia milele. Kama una hukumu kabatini, itoe leo. Kama huna, mpelekee haya mwenye nayo.

Yote niliyosema ni kweli tupu, ila ile supu nimeitia mimi. Temu alipanda pikipiki akaenda zake.