Watatu Waliomtoa Sechelela Mchangani

Leo nawapa kesi. Kesi hii imewashinda watu wazima wenye mvi, kwa hiyo msiharakishe kuiamua. Sikilizeni kwanza.

Katika kijiji kimoja cha Ugogo, ambako mvua hunyesha miezi minne na mingine minane watu huchimba mchanga wa korongo kutafuta maji, waliishi watu watatu wenye vipawa.

Wa kwanza alikuwa Malogo, na kipawa chake kilikuwa masikio. Alilala kifudifudi, akabandika sikio ardhini, akafumba macho. Baada ya muda alisema, "Chimbeni hapa." Wakachimba, wakapata maji.

Wa pili alikuwa Ndahani, na kipawa chake kilikuwa mikono. Mchanga hautulii, ukiutoa huku unamwagika kule. Ndahani alijua kuuzuia kwa fito na magogo, na hakuna mtu aliyewahi kufukiwa ndani ya kisima alichokichimba yeye.

Wa tatu alikuwa mama mzazi wa Malogo. Kijiji kizima kilimwita Mama Malogo. Huyu alikuwa mkunga, na kipawa chake kilikuwa pumzi. Mtoto akizaliwa kimya, rangi imeshabadilika, yeye alimsafisha kinywa, akampulizia taratibu mpaka alie.

Kati ya watatu hawa alikuwepo Sechelela.

Sechelela aliolewa na Malogo wote wawili wakiwa vijana, wakapendana hata majirani wakawatania. Walipata mtoto mmoja wa kike, Loi. Uani kwao kulikuwa na kisima alichokitafuta Malogo mwenyewe, nacho kilikuwa na kifuniko cha mbao. Anayefungua, anafunga. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba.

Asubuhi moja Malogo alikifungua asikilize kama maji yamepungua. Rafiki yake akampitia, akamwambia kuna pombe kwa jirani anayeoza binti. Malogo akasema atarudi sasa hivi, akakiacha kifuniko chini, akaenda. Mama yake, aliyekuwa akipepeta mtama upande wa pili wa ua, aliyaona yote. Akaamini kweli anarudi sasa hivi. Akaingia ndani.

Loi alikuwa na miaka minne.

Watu walipomtoa mtoto kisimani, amekwisha kufa, na kuanza kuuliza, Malogo alijibu, "Mimi sikukigusa kisima leo. Aliyechota maji ni Mama Loi, alfajiri."

Mama Malogo alimtazama mwanawe, akanyamaza.

Sechelela alijaribu kukumbuka. Aliikumbuka kamba, akaikumbuka ndoo na baridi ya alfajiri. Lakini mikono yake ikirudisha kifuniko hakuikumbuka, maana nani hukumbuka jambo analolifanya kila siku? Akaamini kwamba ni yeye. Baada ya matanga alipiga magoti mbele ya mumewe.

"Nisamehe, Baba Loi."

"Nimekusamehe," alisema Malogo.

Waliishi hivyo mwaka mmoja. Mwanamume hakuweza kumtazama mkewe usoni, na mwanamke alidhani anachukiwa. Ndoa yao ilikwisha bila ugomvi, bila hata sauti kupanda. Sechelela alirudi kwa kaka yake. Malogo alihamia mbali, akawa anawasikilizia maji watu wa vijiji vingine.

Ikatimia miaka minane tangu kifo cha Loi. Ndahani, ambaye mkewe alikuwa amefariki, alianza kufika kwa akina Sechelela. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akiona ua umelala, anausimamisha. Akiona kuni zimekwisha, kesho yake analeta. Siku aliyomposa, Sechelela alikubali. Wakapanga ndoa iwe baada ya kuvuna mtama.

Ndipo Malogo aliporudi, amekonda, hana mke wala mtoto.

"Turudiane, Sechelela," alisema. "Hakuna siku nimekusahau."

Sechelela alilia. Moyo wake ulikuwa haujawahi kumtoka mtu yule. Tena aliwaza, ni mwanamume gani mwingine duniani angemsamehe mwanamke aliyemuua mtoto wake? Akamwendea Ndahani, akamweleza wazi.

"Nipe mwezi mmoja. Nikikudanganya nitakuwa nakuonea."

"Chukua mwezi," alisema Ndahani, akaenda zake.

Mwezi ule haukwisha. Mvua za mwaka ule zilikatika mapema na maji yakashuka mbali, na visima vya korongoni vilikuwa virefu, vingine na vishimo vya pembeni vinavyofuata maji. Saa sita mchana Sechelela aliteremka katika kisima kimoja kuchota. Ukingo ukakatika. Wanawake waliokuwa juu walisikia kishindo, wakaona vumbi, na pale palipokuwa na kisima pakawa na mchanga mtupu na ncha ya kamba.

Kelele zikafika kijijini. Ndahani alikuja na magogo begani. Malogo alikuja mbio, akajitupa chini, akabandika sikio mchangani, akawanyamazisha watu wote kwa mkono. Akatambaa. Akasikiliza tena.

"Yuko huku," alisema, akionyesha upande wa mashariki. "Ameingia kwenye kishimo cha pembeni. Anagonga ndoo."

Watu walisikiliza, wasisikie kitu.

"Kamba iko magharibi," alisema Ndahani. "Mtu aliyefukiwa yuko kwenye kamba yake. Tukichimba mahali asipo, hatutapata muda wa kuchimba tena. Nitakuaminije, bwana?"

Malogo aliapa. Ndahani alisimama na jembe mkononi, hajui apige wapi.

Hapo Mama Malogo alijipenyeza kati ya watu.

"Ndahani, mwulize kwanza habari za kisima cha Loi," alisema. "Akisema kweli kwa kile, mwamini kwa hiki."

Malogo alimtazama mama yake kama mtu aliyechomwa kisu.

"Mama!"

"Sema, mwanangu. Mwenzio anakosa hewa."

Malogo alibaki amepiga magoti. "Nilikifungua mimi," alisema. "Nikakiacha wazi, nikaenda kunywa. Sechelela hana kosa. Nilidanganya." Kisha akapiga mchanga kwa viganja, akapaza sauti. "Lakini leo sidanganyi! Yuko hapa!"

Ndahani aligeuka. Alilipeleka jembe mashariki.

Alichimba kama hajawahi kuchimba. Wanaume walivuta mchanga kwa ndoo na masufuria, yeye akiteremka na kuweka gogo, akiteremka na kuweka fito, mpaka kichwa chake kikazama wasikione. Alasiri walimsikia akiita, "Nimemshika mguu!" Akamfunga kamba kifuani, wakavuta. Sechelela alipokuwa anapita juu ya bega lake, gogo moja lilichomoka. Ndahani angeweza kuruka pembeni. Badala yake alilizuia kwa mkono wa kulia mpaka mwanamke akatoka, kisha gogo na mchanga vikamwangukia. Walimfukua akiwa hai. Mkono ule ulisagika. Hospitali waliukata juu ya kiwiko.

Na Sechelela alitoka hapumui. Uso umekuwa wa kijivu, mdomo umejaa mchanga. Kaka yake alianza kulia, na wanawake wakavua vitenge wamfunike. Mama Malogo aliwasukuma. Aliingiza vidole kinywani, akautoa mchanga, akaziba pua, akapuliza. Akapuliza tena. Watu walimwambia, "Mama, mwache, amekwisha." Hakuwajibu, hakuwa na pumzi ya kupoteza. Alipuliza mpaka naye akaanza kuyumba. Ndipo Sechelela alipokohoa.

Siku ya nne Sechelela aliweza kukaa. Mama Malogo alienda peke yake, akamweleza yote, la mwanawe na lake mwenyewe.

"Ulijua tangu siku ile?" aliuliza Sechelela.

"Tangu siku ile."

"Uliniona napiga magoti?"

"Nilikuona, mwanangu. Nilishika mlango ili nisianguke."

Sechelela aligeukia ukutani.

Ndahani alipotoka hospitali, kaka yake Sechelela aliwaita wote watatu, wazee nao wakaketi. Malogo alikuwa hasemezwi na mtu kijijini. Hata watoto walimkwepa njiani. Yeye naye hakuwa akisema na mama yake. Alianza kuongea ameinamisha kichwa.

"Sina uso. Lakini nakuomba tuanze upya, safari hii bila uongo kati yetu. Nimeishi nao miaka minane, na kila maji niliyoyasikia ardhini nilimsikia Loi."

Sechelela alimtazama sana. "Kama nisingefukiwa, na mwezi ungekwisha nikarudi kwako, ungeniambia?"

Malogo aliinua kichwa. "Nisingekuambia," alisema.

Wazee waliguna. Mmoja akanong'ona kwamba hilo ndilo jibu la kwanza la kweli ambalo Sechelela amepewa na mtu yule. Mwingine akanong'ona kwamba jibu hilo limechelewa.

Ndahani alisema kwa ufupi, kama kawaida yake. "Siku yetu ni ileile. Ila ukija kwa sababu ya mkono huu, usije. Sitaki mke wa kunihurumia." Kisha akaufunika mkono uliokatwa kwa shuka, maana aliona Sechelela anautazama.

Mama Malogo alikataa kukaa kwenye kigoda, akakaa chini. "Mimi nilimlinda mwanangu, nikakuua wewe ukiwa hai," alisema. "Sasa mwanangu sina. Sioni vizuri tena, na kazi yangu hakuna wa kumwachia. Kama moyo wako utaweza, hama kwa kaka yako, achana na hawa wawili, uje ukae nami. Uwe mwanangu, nikufundishe. Usipoweza, nitakufa nikijua kwa nini."

Wazee walibishana mpaka mate yakawakauka. Mmoja alisema bila masikio, Ndahani angechimba kwenye kamba akatoa maiti. Mwingine alisema bila mikono, masikio yangesikia kifo tu. Wa tatu alisema wote wawili walitoa maiti, na pumzi ndiyo iliyoleta mtu. Wakarudi tena kwa Loi, na hapo ubishi ukakwama.

Sechelela aliomba apewe mpaka siku ya mavuno, akainuka, akaingia ndani.

Mimi naijua mpaka hapo. Mwanamke ni mmoja, na maisha yaliyombakia ni hayohayo. Aliyempenda kwanza ndiye aliyemwangusha, kisha akamsikia pale ambapo hakuna mwingine aliyemsikia. Aliyekuwa mwaminifu tangu mwanzo amebaki na mkono mmoja, naye anakataa kuhurumiwa. Aliyemrudishia pumzi ndiye aliyemwacha miaka minane akijiita muuaji.

Aende kwa nani? Au awafungie mlango wote watatu? Msinijibu kwa pamoja. Wewe uliyekaa karibu na mlango, anza: ukiwa wewe ndiye Sechelela, na mtama umeshaiva shambani, ungewaambia nini?